Blanketi la milia: maswali yenu, na lebo mnazozitupa

Safari hii ni maswali yenu kuhusu kufuma blanketi la mtoto la milia, sindano mbili, mtindo wa kufuma mbele tu kwenda na kurudi, yaani kitanzi kilekile cha mbele kila safu.

Nianzishe vitanzi vingapi? (Wengi, kuanzia Sakina hadi Himo)

Kwa uzi gani? Sindano ipi? Swali hili linakuja kila mara likiwa uchi namna hii, na lebo ya bonge la uzi imeshatupwa jalalani. Fuma kipande cha majaribio: vitanzi 30, safu 50. Kilaze mezani bila kukivuta, kisha hesabu vitanzi vilivyomo kwenye sentimita 10 za katikati. Kwa uzi wa unene wa kati, ambao lebo yake imeandikwa DK, na sindano za milimita 4, wengi hupata 20 hadi 22. Ukipata 20, upana wa sentimita 75 ni vitanzi 150. Jirani yako anayekaza uzi akapata 24, kwa vitanzi hivyohivyo 150 ataishia sentimita 62 na nusu, halafu atalalamika kwamba amedanganywa. Safu mbili hufanya tuta moja (mstari ulioinuka), na matuta 20 hukaribia sentimita 10, kwa hiyo urefu wa sentimita 90 ni matuta 180. Uzi utakula gramu 350 hadi 400. Nunua 400, na mabonge ya rangi moja yawe na namba moja ya loti, yaani yametiwa rangi kwa mkupuo mmoja.

Sindano za bibi zimeandikwa 8. Dukani nimeambiwa namba 8 ni milimita 5, lakini kazi yangu imekaza kama mkeka. (Njiro)

Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ndiyo milimita 5. Zile za Uingereza huenda kinyume: namba ikipanda, sindano inakonda. Acha namba, fuata milimita.

Upande mmoja milia imenyooka, wa pili ina vidoti vya rangi nyingine. Nimeharibu? (Soweto, Moshi)

Hujaharibu. Mtindo huu ndivyo ulivyo upande wa nyuma. Chagua uso wa blanketi, uchomeke pini, na rangi mpya ianze kwenye safu ya uso tu. Maana yake kila mlia uwe na safu shufwa: 2, 4, 10, vyovyote. Ukifuma safu 5, vidoti vitahamia usoni.

Hukuuliza kuhusu ncha za nyuzi, lakini nitakujibu, maana huko ndiko blanketi nyingi hufia. Mlia ukiwa wa safu 2 au 4, usikate uzi. Upandishe pembeni, ukiuzungusha na uzi unaofumia kila baada ya safu mbili, bila kuuvuta. Mlia ukizidi safu 6, kata, uache mkia wa sentimita 15. Mkia huo usiufunge fundo. Fundo huachia kwenye kufua, na lisipoachia humkwaruza mtoto. Tumia sindano butu ya kushonea sweta: pitisha mkia ndani ya matuta ya rangi yake kwa sentimita 5, geuza, rudi sentimita 3, ndipo ukate. Malizia mikia mitatu mitatu kila unapopumzika. Anayeiweka akiba hadi mwisho hukuta mikia arobaini, na blanketi linaingia kabatini.

Nilianza na 150, sasa nina 163. (Marangu)

Mwanzoni mwa safu unaurusha uzi juu ya sindano kwenda nyuma. Kitanzi cha kwanza kinainuka na kuonyesha miguu miwili, nawe unaifuma yote kama vitanzi viwili. Uzi uwe chini ya sindano kabla hujachoma. Hesabu kila unapobadilisha rangi, utakamata kosa ndani ya mlia mmoja. Kwa hilo lako, fumua.

Naweza kutumia kroshia? (Ngaramtoni)

Unaweza, ila hesabu zote za hapa zitupe.

Nifumue sweta la mtumba la Kiborloni nipate uzi? (Moshi)

Ligeuze kwanza uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa na kupigwa ovaloki, rudisha: kila safu itatoka kipande kifupi. Sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto ikagandamana nayo haifumuki. Likiwa zima, fumua, zungushia uzi mgongo wa kiti, funga vitita sehemu nne, ufue, uuanike umening'inizwa kitu kizito kidogo mikunjo inyooke. Ila sufu inayowasha shingo yako itamuwasha na mtoto.

Nyekundu imechuja kwenye nyeupe. Chumvi au siki? (Majengo, Moshi)

Hakuna hata kimoja. Siki ina kazi wakati wa kutia sufu rangi kwa moto. Uzi wa pamba uliokwisha kutiwa rangi hausikii siki. Dawa ilikuwa kabla ya kuanza: lowesha kipande cha uzi, ukibane ndani ya kitambaa cheupe usiku kucha. Kikiacha doa, rangi hiyo haikai jirani na nyeupe.

Nataka matamvua marefu na shanga, mtoto alalie. (Usa River)

Hapana. Matamvua huzunguka vidole, shanga humezwa. Mitindo ya matundu makubwa nayo hunasa vidole. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiachwe amelala na blanketi lolote lililolegea kitandani, hata likiwa zuri vipi. Linaweza kumfunika pua. Ni la kumbebea na kumfunika mkiwa macho naye. Baridi ya Juni na Julai Arusha, sawa. Moshi mjini Januari, akriliki nene itamlowesha jasho. Fuma la pamba, jembamba.

Nikimaliza nipige pasi? (Njiro, tena)

Lebo ilisemaje? Akriliki chini ya pasi hulegea na hairudi. Loweka maji ya baridi, likunje ndani ya taulo ulikandamize bila kulisokota, litandaze kivulini, vuta pembe zifike 75 kwa 90, uliache likauke.