Kunguni hawakuizoea dawa

Mkuu umeuliza kama binadamu katokana na nyani mbona nyani wa leo hawageuki watu, na kwamba hakuna aliyewahi kuona kiumbe kikibadilika. Miaka mingi na mimi niliuliza hivyohivyo, na walionifungua macho ni kunguni.

Chumba nilichopanga kilikuwa nao kibao. Nikanunua dawa ya kupuliza, asubuhi nakuta wamekufa chali pembeni ya godoro nikajua nimemaliza. Wiki kadhaa wamerudi, napuliza tena wanakufa wachache. Mara ya tatu nikampulizia mmoja kwenye kiungo cha kitanda mpaka akalowa chapachapa, nikakaa namwangalia, akatulia kidogo halafu huyo akaingia zake kwenye tundu la skrubu. Kila mtu ananiambia "wameshaizoea hiyo dawa".

Hilo neno kuzoea ndo linatupoteza wengi. Hakuna kunguni hata mmoja aliyezoea! Tangu mwanzo kulikuwa na wachache waliozaliwa tofauti, pengine gamba nene kidogo sumu inachelewa kupenya, pengine jeni moja imebadilika sumu haishiki vizuri kwenye neva. Tofauti hiyo ilikuwa haiwasaidii kitu mpaka nilipokuja mimi na dawa nikawaulia wenzao wote nikawaachia kitanda, na jike mmoja anataga mayai mamia maishani mwake, watoto wanarithi. Mchujaji nilikuwa mimi. Uteuzi asilia ndo huo, na kuonekana umeonekana sana, dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilianza kutumika miaka ya 1940 na kufikia 1947 kule Hawaii tayari kulikuwa na kunguni haiwaui.

Angalia na tembo wa hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji. Vita ya 1977 hadi 1992 ilimaliza zaidi ya asilimia 90 yao, waliwindwa kwa ajili ya pembe. Majike wasioota pembe walikuwa chini ya moja ya tano, baada ya vita wakafika kama nusu. Hakuna tembo aliyeziacha pembe zake kwa kuogopa bunduki, ila asiye nazo hakuwa na sababu ya kuwindwa, akabaki akazaa.

Utasema kunguni bado ni kunguni na tembo ni tembo. Kweli kabisa, hiyo ni miaka michache tu. Sisi na sokwe tuliachana kwa babu mmoja miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita, kila upande ukachujwa kivyake, kwa hiyo sokwe wa leo ni binamu sio babu, hayuko njiani kuja kwetu.

Na shida haimletei kiumbe mabadiliko anayoyahitaji. Kunguni wangu niliwamaliza kwa kumwagia maji yanayotokota kwenye kila kiungo cha kitanda, narudia na kurudia. Walihitaji sana kuyahimili, lakini hakukuwa na hata mmoja aliyezaliwa na uwezo huo, wakaisha wote.