Grini kadi na miaka 5: watoto wako wanastahili SNAP sasa hivi

Dada, umeuliza kama ni kweli ukiwa na grini kadi ya bahati nasibu hupati SNAP, msaada wa chakula wa serikali, hapa jiji la New York mpaka miaka 5 iishe, na umesema siku hizi unakula mara moja ili watoto washibe. Nimeshindwa kupita bila kujibu, hapo ulipo nilishapita mimi, Bronx, na watoto wawili.

Miaka 5 ni kweli kwako wewe mtu mzima. Kwa watoto wa chini ya miaka 18 wenye grini kadi SIO kweli, hawasubiri hata siku moja, na kama kuna aliyezaliwa huku huyo ni raia, hana mjadala. Unajaza fomu ya SNAP, ile watu bado wanaita fudistempu, unaandika unaombea watoto. Kipato chako watakiuliza kwa sababu mnaishi pamoja, lakini wanaopewa ni wao. Haya maneno ya "sisi hatupewi" yamelaza watu wetu wengi njaa na wala hawajawahi kuomba.

Sasa shika hili kuliko yote, usisubiri karatasi zikamilike. Fomu ikiwa na jina, anwani na sahihi yako tu inahesabika umeomba, kuanzia hapo wana siku 30 za kukujibu na ukikubaliwa unahesabiwa toka tarehe uliyopeleka, kwa hiyo kila wiki unayokaa kutafuta karatasi ya mwenye nyumba ni chakula cha watoto kinapotea. Karatasi za mshahara na za kodi ya nyumba zitafuata, unazipiga picha kwa simu unatuma kwa ACCESS HRA, apu ya ofisi ya misaada ya jiji. Na kama kipato chako na akiba ukijumlisha havifiki kodi ya nyumba na bili za mwezi, waambie unaomba ya haraka, hiyo mwisho siku 7.

Halafu kuna intavyuu ya simu, hapa ndo wengi wanaangukia, simu inaingia namba huijui uko kazini huipokei, au unapokea unaitikia yesi yesi kwa mambo hujaelewa. Mimi nilipiga mwenyewe ofisini kwao wakati wa mapumziko nimekaa kwenye ngazi za nyuma za jengo nililokuwa nafanya usafi, nikasema Swahili, Swahili, basi, muziki ukalia weee mara nasikia sauti ya mama ananiambia "habari yako dada, mimi ni mkalimani wako." Machozi yalinitoka aisee. Mkalimani ni bure na ni haki yako, tafadhali usimwite mtoto akutafsirie, mtoto asibebeshwe hesabu za kodi ya nyumba na njaa ya nyumbani.

Kadi inaitwa EBT, unachanja dukani kama ya benki. Unga, mchele, mafuta, nyama, mboga sawa, ila sabuni, pampasi na chakula cha moto kilichopikwa haikubali, kwa hiyo pale kaunta tenganisha vitu mapema. Namba ya siri badilisha mara kwa mara, kuna wezi wanakopi kadi kwenye mashine za dukani na serikali kuu ya Washington iliacha kufidia pesa zilizoibwa baada ya Desemba 20, 2024.

Wakati unasubiri, shule za serikali hapa toka 2017 zinalisha watoto wote asubuhi na mchana bure, peleka mapema wanywe chai huko. Una wa chini ya miaka 5 au una mimba? Omba WIC leo leo, ni msaada wa chakula wa wajawazito na watoto wadogo, hawaulizi uhamiaji. Na piga 311, namba ya msaada ya jiji, wakuelekeze pantri ya karibu, pale wanapogawa chakula bure, nenda na kitoroli na mifuko yako, hakuna aibu pale, utakuta wazee, wanafunzi, watu wa kazi mbili.

Wenzetu mliokuja kama wakimbizi na bado hamna grini kadi, sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewatoa kwenye SNAP, inauma sana hii, lakini shule, WIC na pantri ziko wazi kwenu.

Ukikataliwa barua usiitupe, una siku 90 za kuomba kusikilizwa upya. Peleka fomu usiku huu watoto wakilala, swali lolote litakalokukwamisha liandike hapa nitalijibu.