Dar hadi Bukoba kwa pikipiki: siku ya mwisho ndiyo ya kuipangia

Mkuu, umeuliza kama unaweza kulala Dodoma, kesho yake Nzega, halafu siku ya tatu uamke alfajiri uunganishe mpaka Bukoba na pikipiki yako ya cc 150, mkesha wa Krismasi ukukute nyumbani. Kuweza unaweza. Wapo wanaofanya hivyo na wakifika wanajisifu mpaka Mwaka Mpya. Kwetu ni Kamachumu, Muleba, hiyo njia naijua kwa makalio, na ushauri wangu ni mmoja: ondoka Dar siku moja mapema, ukate safari Biharamulo. Siku ya mwisho iwe fupi kuliko zote.

Nzega hadi Bukoba ni kilomita 500 hivi, lakini umbali si shida kubwa sana. Shida ni kichwa. Siku ya kwanza unatoka Dar na woga wako, malori ya Kibaha mpaka Chalinze yanakubana pembeni, macho yote barabarani. Siku ya pili upepo wa Singida haukuachi usinzie. Siku ya tatu mwili umechoka, kichwa chenyewe kimeshafika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kinawaza nani amekuja mwaka huu, nani kajenga, senene, wale panzi wa kuliwa, wapo au wameadimika. Hapo mkono wa kulia unavuta mafuta bila wewe kuuambia. Unashtuka uko 95 katikati ya kijiji.

Sasa njia yenyewe. Ukitoka Nzega utafika Tinde, wa Shinyanga na Mwanza wananyoosha, wewe unakata kushoto kwenda Isaka na Kahama. Kuanzia hapo uko na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo mpaka Lusahunga. Dereva wa gari dogo hawezi kukuelewa ukimweleza habari ya semi, lori lenye tela refu, inayokuja mbele yako kwa kasi. Upepo wake unakupiga mara mbili: kwanza unakusukuma nje kuelekea kwenye changarawe, tela likishamalizika kupita unakuvuta ndani. Ukikakamaa usukani unayumba. Bana tenki kwa magoti, inama kidogo, legeza viwiko, acha pikipiki icheze chini yako. Na ukiona semi mbili zimefuatana, ujue ya nyuma inachungulia iovateki, na dereva wake anakuhesabu wewe kuwa si chombo. Nenda pembeni mapema, ubishi utafanya siku nyingine.

Kahama kula, nyoosha mgongo, usiondoke na tenki nusu. Ushirombo na Runzewe pita tu.

Lusahunga malori yanaendelea kuelekea Rusumo na Kabanga, wewe unakunja kulia kwenda Biharamulo. Ghafla barabara inakuwa kimya, na huo ukimya ndio ninaouogopa kuliko semi. Tangu asubuhi ulikuwa unapigana, sasa hakuna wa kupigana naye, usingizi unakuja mzimamzima. Dalili zake huwa si kupiga miayo. Ni kushtuka umepita kibao ukashindwa kukumbuka kilisema nini, au kugundua umekaa na gia ya nne kwa muda mrefu na injini inalia. Ukijikuta hivyo simama, vua helmeti, tembea. Nyimbo za kwenye spika hazisaidii, wala vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Vinakupa nusu saa halafu vinadai riba.

Biharamulo tafuta gesti yenye uzio na geti, mwambie mlinzi mapema pikipiki italala ndani. Kabla hujaoga iangalie ikiwa bado na joto. Cheni uliyokaza Dar itakuwa imelegea, maana umebeba mizigo ya sikukuu na njia ni ndefu. Iache icheze sentimita mbili hadi tatu pale katikati, isizidi, na usiikaze ikawa kama waya wa gitaa. Gusa nati za ekseli ya nyuma. Pitisha kiganja kwenye tairi lote taratibu ukitafuta msumari au kipande cha waya. Pancha ya Biharamulo jioni ina fundi. Ya msituni asubuhi utakuwa wewe na nyani.

Kisha piga simu nyumbani, sema "kesho nafika". Saa usiitaje hata wakikubana. Ukimwambia mama saa nne, saa nne na dakika tano simu inaanza kutetemeka mfukoni, na kila ikitetemeka unaongeza mwendo. Nimeona watu wazima wakikimbizwa na simu ya mama yao kuliko wanavyokimbizwa na mvua.

Asubuhi usikurupuke. Watu wa Dar mnasahau kwamba huku ni magharibi, jua linachelewa. Mwezi huo wa kumi na mbili, saa kumi na mbili kamili Dar kunakuwa kumepambazuka. Biharamulo muda huohuo bado giza. Ngoja mpaka saa moja, kunywa chai kwa utulivu. Mbele yako kuna pori ambalo tangu 2019 limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Wazee watakusimulia pori la Kasindaga la zamani, magari yanakusanywa yavushwe na polisi wenye silaha kwa ajili ya majambazi. Wewe leo cha kuangalia ni wanyama wanaokatiza na madereva wanaodhani kwenye pori hakuna kikomo cha mwendo. Pita mchana, na usisimame kupiga picha kwenye kona.

Kyamyorwa utakutana na barabara inayotoka Chato. Nakutajia kwa sababu kuna njia mbadala: kama una ndugu Mwanza wa kukulaza, Tinde unyooshe, ukifika Usagara ukunje kwenda Kigongo. Tangu Juni 2025 Daraja la JPM (John Pombe Magufuli) limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, foleni ya kivuko cha Busisi imebaki hadithi. Unapita Sengerema, Geita, Chato, unatokea hapo. Ushauri hata hivyo haubadiliki, usije ukaunga Mwanza na Bukoba kwa sababu tu umeokoa muda wa kivuko.

Muleba ndiko mvua ya ziwani inakokusubiri. Haina mazungumzo. Wingu linatokea upande wa ziwa na dakika chache baadaye umelowa mpaka soksi. Vaa koti la mvua tone la kwanza linapodondoka, hapohapo. Dakika za mwanzo ndizo mbaya, lami ina vumbi na mafuta yaliyomwagika, inateleza kuliko itakavyoteleza ikishaoshwa. Kona za vilima hizo ziingie taratibu, mbele kuna mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu mitano ya ndizi, haonekani mpaka umfikie. Na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wanajua sikukuu ni lini. Faini ya pikipiki ilishushwa 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, lakini kusimamishwa kunakera ukiwa unaona migomba ya kwenu.

Ukiacha lami kuingia kijijini, usijidai kwa kuwa unaijua njia tangu utoto. Hukuwahi kuipita na mzigo wa kilo arobaini nyuma. Udongo mwekundu uliolowa unashikana na tairi mpaka mistari yote inajaa, hapo breki ya mbele isahau, tumia gia ndogo na miguu iwe tayari kushuka.

Ukifika, zima injini kabla ya uani, isukume hatua za mwisho. Watoto watakuja mbio, miguu wazi, wote wanataka kupanda, na ekzosi iliyotoka Biharamulo inachoma shavu la mguu wa mtoto kwa kugusa tu. Iegeshe upande wa ekzosi uangalie ukuta, halafu ndiyo ukumbatiane na watu.

Swali lako la pili, la kurudi Dar. Kama likizo yako inaisha mapema Januari, usiirudie njia hiyo kwa haraka. Kuna mabasi na malori yanayopakia pikipiki kutoka Bukoba mjini. Patana bei siku mbili tatu kabla maana baada ya Mwaka Mpya nafasi zinagombaniwa, mimina petroli yote kwenye dumu umwachie mdogo wako, toa vioo, na usimamie mwenyewe inavyofungwa kamba.