Uliza Fundi: Seti ya dukani au sola ya kupimiwa?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko Kibaigwa huku Dodoma, nguzo za TANESCO zimeishia mbali na kwetu na kila mwaka tunaambiwa mwakani. Sasa mume wangu anataka ile seti, yani unapewa panel moja, kibetri, taa nne, redio na tivi ndogo, unalipa kidogo kidogo kwa simu mpaka inakuwa yako. Mi nina kaduka ka soda na nataka friji, niuze na barafu. Kuna fundi kaniambia achana na seti, atatufungia panel mbili za wati 200, betri ya gel ya 200Ah na inveta ya wati 1000, ila bei ni karibu mara tatu. Ndani tuna taa 6 na tivi. Baba watoto anasema mafundi wote wapigaji, mi nasema seti ni toy la watoto. Nani yuko sahihi?
Mama Duka, Kibaigwa

JIBU: Dada yangu, hapa ntagombana na wote wawili.

Seti sio toy. Nyumba ya taa, redio, kuchaji simu na tivi ya jioni, mi ningewaambia chukueni seti na mlale, kwa sababu kila kitu kimeshapimwa kiwandani: panel inatosha ile betri, tivi inakula umeme wa DC (ule wa betri) moja kwa moja bila inveta (kile kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa TANESCO), na kontrola ya ndani inakata kabla betri haijakauka. Hakuna mahali pa fundi kukosea na waranti ipo kwenye karatasi. Ubaya wake mnaujua, mwezi wa njaa ukichelewa kulipa inajifunga mpo gizani. Na asikudanganye mtu eti utaanza na ndogo alafu utaongeza panel badae, seti nyingi plagi zao na kontrola zao ni za kwao wenyewe, ukileta panel ya nje haiingii.

Ila friji kwa hiyo seti ya taa nne, hapana. Kuna kampuni zina seti kubwa zinazokuja na friji yake ya DC, ulizeni bei kabla ya kuamua, maana zile friji zinakula kidogo sana.

Sasa ya fundi wako. Chukua kalamu tupige hesabu, maana unachomlipa fundi ni hii hesabu, panel hata wewe unaweza kwenda kununua. Friji ndogo ya kawaida kwa joto la Kibaigwa na mlango unafunguliwa kila mteja akija, weka uniti moja kwa siku, yani wati-saa 1000. Taa 6 za wati 7 kwa masaa matano ni 210. Tivi ya wati 50 masaa matano ni 250. Simu weka 40. Jumla 1500. Jua la Dodoma tuhesabu masaa 5 yenye nguvu kwa siku, na katika kila kinachotoka kwenye panel karibu theluthi inapotea kwa joto, vumbi, waya, betri na inveta, kwa hiyo unahitaji wati 430 hivi ili tu usidaiwe. Yeye kakupa 400. Siku ya jua kali utapita kwa kubana, masika mawingu yakikaa siku mbili soda zinapoa kwa maombi. Mwambie 600.

Betri: volti 12 mara 200Ah ni wati-saa 2400, lakini gel ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo mkononi una 1200. Usiku wako ni taa, tivi na nusu ya friji, kama 1000. Inatosha usiku mmoja na asubuhi iwe na jua. Kama mfuko unaruhusu nenda lithiamu ya volti 12 200Ah, ile unaweza kuitumia mpaka asilimia 80, unapata karibu 2000, na inakaa miaka mingi kuliko gel. Bei itakuuma siku ya kwanza, najua.

Mpaka hapo utaona fundi wako sio mpigaji, ila kapima kwa jicho. Na hapa ndo namuelewa baba watoto, kwa sababu hizo namba zake, panel mbili, betri moja, inveta 1000, utakuta ndo anazompa kila mtu kuanzia mwalimu mpaka mwenye saluni. Fundi ambaye hajakuuliza friji yako ni ya wati ngapi na unafungua duka saa ngapi, huyo naye anakuuzia seti, tofauti ni kwamba yake haina waranti.

Muulize kontrola, kile kifaa cha kati ya panel na betri, ni ya aina gani: PWM ndo ya kawaida, MPPT inashusha volti za panel ziendane na betri bila kutupa wati. Panel za wati 200 za volti 12 zinaenda sawa na PWM ya bei rahisi. Lakini akibadilisha mawazo alete panel moja kubwa ya wati 400 (siku hizi ndo zimejaa madukani) alafu aifunge na PWM kwenye betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya hiyo panel unaitupa, wati kama 170 tu ndo zinaingia. Panel kubwa inataka MPPT, basi.

Waya pia. Hizo panel mbili zikifungwa sambamba zinatoa kama ampia 22, akikuwekea waya wa milimita za mraba 2.5 kwa mita 10, volti 3 kati ya 18 (panel inayoitwa ya volti 12 inatoa kama 18 ikiwa kazini) zinabaki kwenye waya. Kutoka betri kwenda inveta ndo kabisa, wati 1000 kwa volti 12 ni ampia zaidi ya 80, hapo unataka waya mnene na mfupi, na fyuzi karibu na betri. Inveta iwe pure sine, yani umeme wake ni laini kama wa TANESCO, na ihimili kishindo, maana kompresa ya friji ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zake. Akikubali kuandika haya yote kwenye karatasi pamoja na risiti na namba ya leseni yake ya EWURA (wale wadhibiti wa mambo ya umeme), mpe kazi. Akianza kuzunguka zunguka, chukueni seti na friji isubiri.

SWALI: Jirani kaelekeza panel zake mashariki anasema jua la asubuhi ndo lenye nguvu. Na mimi nifanye hivyo?
Msomaji, Iringa

JIBU: Usimfuate. Sisi tuko kusini mwa ikweta, elekeza kaskazini, mwinamo nyuzi 10 mpaka 15 zinatosha na mvua itakuoshea vumbi. Ila kabla ya dira angalia kivuli. Tawi la mwembe likifunika kona ya panel moja saa nne mpaka saa sita umepoteza kuliko jirani yako na mashariki yake. Usiilaze juu ya bati moja kwa moja, acha upenyo hewa ipite chini, panel ikipata moto inatoa kidogo. Na skrubu ziingie kwenye papi, zisishike bati peke yake, upepo wa huko mnaujua.