Kabla hujalipia kamera ndogo ya bei mbaya, tundika doti ya khanga

Kwenye harusi ya binamu yangu Tanga nilipiga picha ya ukoo mzima, watu kama thelathini wamepangana kwenye ngazi. Kwenye kioo cha kamera ilipendeza. Nilipoifungua kwenye kompyuta, wajomba waliosimama kushoto ungeweza kuwahesabia vifungo vya makoti. Mashangazi wa kulia walikuwa kama wamepigwa kupitia glasi ya maji. Hawakutikisika. Lenzi ilikuwa imekaa upande, na niliinunua ikiwa hivyohivyo, kamera ya mtumba ambayo dukani niliijaribu kwa kumpiga muuzaji uso, katikati ya fremu. Katikati kila lenzi ni hodari.

Tangu siku hiyo sinunui kamera ya aina hii, wala simshauri mtu anunue, bila jaribio la doti. Chukua doti iliyokatwa na kupigwa pasi, tundika khanga moja juu ya nyingine ukutani, simamisha kamera wima, sogea hadi pindo zijae fremu kona kwa kona. Nakshi za pindo ni zilezile kushoto na kulia, na khanga ya juu ni pacha wa ya chini, kwa hiyo kasoro haina pa kujificha. Kamera ikae juu ya kitu imara, iutazame ukuta sawasawa, na uweke ile saa ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Piga tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha f/4, kisha f/5.6 (namba ikikua, tundu hupungua). Kona zote nne zikiwa na ukungu kidogo kwa usawa, usihangaike. Lenzi ndogo nyingi ndivyo zilivyo zikiwa wazi, na kwa f/4 au f/5.6 huamka. Ila kona moja ikigoma kuamka wakati mwenzake wa ng'ambo yuko macho, rudisha kamera.

Na usihukumie kwenye kioo cha nyuma. Kioo kile hakifikishi hata pikseli nusu milioni, picha yenyewe ina milioni 20. Kila kitu kinapendeza mle.

Ninayotumia sasa ni Sony RX100, ile ya kwanza ya 2012. Sensa yake (si ya kuhesabu watu, ni kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) inaitwa ya inchi 1, jina lililorithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani. Ukiipima ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani upande mrefu ni nusu inchi na kidogo. Hata hivyo eneo lake ni kama mara nne ya sensa za kamera ndogo za kawaida, na tofauti hiyo utaiona usiku.

Mimi niliipeleka Forodhani, Unguja, magharibi imeshaingia, kwenye meza za mishkaki. Zumu ikiwa mwanzo, f/1.8, mchomaji alitoka safi kwa ISO 400 (ISO ni kipimo cha kamera kukuza mwanga hafifu, na ikipanda picha huchafuka). Nikavuta zumu hadi mwisho, ambako tundu kubwa kabisa ni f/4.9. Mwanga unaoingia ukapungua zaidi ya mara saba, ISO ikapanda hadi 3200, na ndevu za yule bwana zikayeyuka kama uji. Ile 1.8 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mwanzo wa zumu tu. Hilo wauzaji hawakwambii. Lakini nusu ya kuyeyuka kule si ya sensa. Kamera inaposafisha chenga, yale madoadoa ya gizani, kwenye JPEG, yaani picha iliyokwisha kuipika yenyewe, husafisha na ndevu. Faili la RAW, yaani picha mbichi isiyopikwa, la tukio lilelile lilikuwa na ndevu zote, na chenga zake juu. Basi hifadhi vyote viwili, utajua unamlaumu nani.

Mchana, msimamishe mwenye kanzu nyeupe karibu na mwenye baibui, juani. Darizi za shingoni zionekane, na mikunjo ya baibui ionekane. Kimoja kikipotea kwenye JPEG, tazama kama RAW inakirudisha.

Usiilinganishe na simu kwenye kioo cha simu. Simu huunganisha picha kadhaa kwa mpigo mmoja, na kwa udogo ule itashinda. Yangu imenishinda mara nyingi. Chapisha zote mbili ukubwa wa sentimita 20 kwa 30, uzishike mkononi.

Vumbi nalo. Lenzi ya kutoka na kuingia hufyonza vumbi, na huwezi kuichomoa ukapuliza. Piga anga tupu kwa f/11. Ukiona vidoa vyeusi, hiyo ni kazi ya fundi, kwa hiyo shusha bei.

Nilisahau: doti ibanwe kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyokazwa, si misumari. Niliyoanzia ilikuwa ya mama, na yale matundu manne bado sijapata la kumwambia.