Kabla hujanunua nyumba ya mawe kijijini Ufaransa

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wowote ni huu: ndugu anayeishi viunga vya Paris au Brussels, wakati mwingine hata Dar es Salaam, ananitumia picha ya nyumba ya mawe yenye vyumba vinne, ghala na bustani, bei yake haifiki euro 50,000, kisha anauliza, "Dada, hii ni kweli?" Ni kweli. Nyumba hizo zipo, nami naishi kati yake, mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo nimeingia katika nyumba nyingi za huku na kuziona zikiwa katika hali zake zote, kiangazi na baridi. Jibu langu ni lile lile kwa kila anayeuliza: tafuta kijiji kwanza, nyumba itafuata.

Niseme kwa nini. Creuse nzima ina watu wapatao 115,000. Jiji la Tanga, nilikozaliwa, peke yake lina zaidi ya mara tatu ya hao. Katikati ya karne ya 19 mkoa huu ulikuwa na watu zaidi ya 280,000. Wanaume wake walikuwa waashi: kila majira ya kuchipua walikwenda Paris kwa miguu kujenga jiji la watu wengine, na baridi ikiingia walirudi kwao. Martin Nadaud, mwashi aliyezaliwa hapa mwaka 1815 na baadaye akawa mbunge, alikuwa mmoja wao. Reli ilipokuja, wengi walibaki huko huko. Kisha ikaja vita ya mwaka 1914, na kila kijiji kina mnara wenye orodha ndefu ya majina kuliko unavyotarajia kwa mahali padogo hivyo. Nyumba unazoziona kwenye picha ni rahisi kwa sababu wenyewe waliondoka, au warithi wao wako mbali na hawana haja nazo.

Sasa, watu wakiondoka, huduma nazo huondoka. Hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Vijiji viwili vilivyoachana kilomita kumi, vyenye nyumba za bei moja, vinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Kimoja kina duka la mkate, shule yenye madarasa mawili, zahanati wanayofanyia kazi madaktari wawili na muuguzi, na gulio la kila wiki. Kingine kina kanisa lililofungwa na sanduku la posta. Kabla hujaangalia paa la nyumba, uliza daktari ana umri gani na kama anapokea wagonjwa wapya. Swali hili linaonekana la kukosa adabu, lakini hakuna mwenyeji atakayekushangaa, kwa kuwa wao wenyewe wanaulizana kila siku. Mfumo wa bima ya afya hapa unamtaka kila mtu awe na daktari wake aliyemsajili. Ukiwa naye, unarudishiwa asilimia 70 ya gharama ya kumwona. Ukienda kwa mwingine nje ya utaratibu huo, inashuka hadi asilimia 30. Nimewahudumia watu waliokaa muda mrefu bila daktari kwa sababu yule wa kijijini alistaafu na hakuna aliyekuja kushika nafasi yake.

Kwa hiyo njoo uone mahali penyewe, tena njoo mwezi Februari. Julai kila kijiji cha Ufaransa kinapendeza: maua madirishani, watoto wa mjini wamekuja kwa bibi zao, sherehe uwanjani. Februari utaona ni madirisha mangapi yanawaka taa saa kumi na mbili jioni. Utaona kama barabara ya kilimani imefagiliwa theluji. Utaingia kwenye nyumba unayoitaka na kuisikia baridi yake. Kuta za mawe za huku ni nene sana na zikishapoa huchukua siku kadhaa kupata joto. Waulize wauzaji wamechoma kuni kiasi gani mwaka jana. Muuzaji analazimika kukuonyesha ripoti ya nishati inayoipa nyumba herufi kuanzia A hadi G. Nyumba za bei hiyo mara nyingi ziko F au G, na tangu Januari 2025 nyumba ya G haiwezi kupangishwa upya kwa mtu kama makazi. Kama mpango wako ni kununua, kupangisha na kuja kuishi baadaye, hesabu yako inabadilika hapo.

Kuni nazo ni elimu. Huuzwa kwa kipimo kinachoitwa stère, rundo la mita moja kwa mita moja kwa mita moja, na zinataka kukaushwa kama miaka miwili chini ya paa, pande zikiwa wazi upepo upite. Kuni mbichi hazitoi joto la maana, na masizi yake hujaa kwenye dohani mpaka siku moja yashike moto. Agiza mapema, majira ya kuchipua, kabla watu wote hawajakumbuka. Dohani isafishwe na fundi kila mwaka na cheti chake ukitunze, maana kampuni ya bima itakiuliza siku ya ajali.

Jambo jingine linalowapata wengi ni maji taka. Vijijini nyumba nyingi haziko kwenye mfumo wa umma, kila moja ina karo lake, yaani shimo la maji taka, chini ya bustani. Sheria inataka likaguliwe kabla ya mauzo, na kama halikidhi viwango, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kulirekebisha baada ya kununua. Ni kazi ya maelfu ya euro. Isome ripoti hiyo mwenyewe, na bei ya marekebisho iingize kwenye mazungumzo ya bei ya nyumba. Mauzo yote hupitia kwa afisa wa sheria anayeitwa notaire. Ukishasaini mkataba wa awali una siku 10 za kubadili mawazo bila kupoteza kitu. Baada ya hapo, kwa kawaida ni kama miezi mitatu mpaka upewe funguo. Kwa nyumba ya zamani tenga kiasi cha asilimia 7 au 8 ya bei kwa ajili ya kodi na gharama zake.

Na hili nalirudia kwa kila ndugu aliye nje ya Ulaya: mgeni yeyote anaweza kununua nyumba Ufaransa, ila hati ya nyumba haikupi haki ya kuishi ndani yake mwaka mzima. Ukaazi ni faili jingine kabisa. Visa ya muda mrefu ya mgeni asiyefanya kazi ipo, na inataka uonyeshe kipato chako na uahidi kutofanya kazi hapa. Ukiipata, ithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuwasili. Usiweke akiba yako yote kwenye mawe kabla hujajua utaingia kwa karatasi gani.

Gari ni lazima. Treni ya Paris kwenda Limoges inasimama La Souterraine, na Guéret, makao makuu ya mkoa, ina stesheni yake, lakini kutoka hapo hadi kijijini utasubiri basi ambalo siku nyingine halipo. Leseni ya nje ya Ulaya unaruhusiwa kuitumia mwaka mmoja wa kwanza wa ukaazi. Baada ya hapo unabadilishiwa tu kama nchi iliyokupa ina makubaliano na Ufaransa; kama haina, unaanza upya, kuanzia mtihani wa nadharia wenye maswali 40 ambao unafaulu kwa kupata 35. Angalia jambo hili ukiwa bado mjini, ambako shule za udereva ni nyingi. Bila leseni hata kazi yangu nisingeipata, na kazi ya kuwatunza wazee ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi huku, kwa kuwa mkoa huu ni miongoni mwa yenye wazee wengi zaidi Ufaransa.

Nije kwenye watu, maana ndio walionifanya niandike.

Sisi tumezoea jirani aingie bila miadi, akae, anywe chai. Huku mlango haugongwi hovyo. Mtu anaweza kukuona bustanini wiki nzima asije kukusalimu, naye nyumbani anasubiri wewe umwendee. Mgeni ndiye anayetangulia. Nenda nyumba kwa nyumba wiki ya kwanza, jitambulishe, sema umenunua nyumba ya nani, kwa sababu itaendelea kuitwa kwa jina la mwenyewe wa zamani na hilo litakusaidia. Ukiingia duka la mkate, posta au chumba cha kusubiri kwa daktari, salimia wote waliomo. Kuingia kimya huku ni kama kwetu kumpita mzee bila shikamoo. Wapo wengi waliohukumiwa kuwa na kiburi kwa sababu hiyo tu, ilhali walikuwa wanaona haya tu.

Kuhusu rangi yetu nitasema nilichokiona. Wapo watakaokutazama sana, hasa siku za mwanzo. Wapo pia wazee watakaokuuliza kama umetoka Réunion, na swali hilo lina historia nzito. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Ufaransa iliwachukua watoto zaidi ya 2,000 kutoka kisiwa hicho, bahari yetu hii hii ya Hindi, ikawasambaza katika mikoa iliyopungukiwa watu, Creuse ikiwemo. Wengine walipata familia njema, wengine walifanyishwa kazi mashambani, wengi walitenganishwa na ndugu zao. Mwaka 2014 Bunge la Ufaransa lilikiri kwamba taifa lilikosea wajibu wake kwao. Bibi mmoja niliyemhudumia alisoma darasa moja na mtoto kati ya hao, na alilia akinisimulia. Ukijua habari hii utaelewa kwa nini baadhi ya wenyeji wanakuuliza kwa sauti ya chini, na utajua sisi si weusi wa kwanza kupita kwenye vijiji hivi.

Kinachofungua milango haraka ni kujitolea. Zimamoto wengi wa Ufaransa ni wa kujitolea, na kijijini ndio wanaofika kwanza ukianguka au nyumba ikiungua; wanatafuta watu siku zote. Kuna kamati ya sherehe, maktaba ndogo, klabu ya matembezi. Septemba vyama hivi huandaa siku ya kujiandikisha. Chagua kimoja uende hata kama Kifaransa chako kinayumba, maana kukunja viti hakutaki sarufi.

Chakula hakitakusumbua sana. Unga wa mahindi wa njano unasonga ugali mzuri, na tui la kopo liko supamaketi. Mbegu za mchicha zipande baada ya katikati ya Mei, jalidi ikishapita. Vuli ikiingia watu huokota uyoga msituni. Usile kabla hujampelekea mfamasia auangalie, wamesomea. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari wawindaji wako msituni, vaa nguo ya rangi kali ukienda kutembea.

Kama una watoto, mpigie meya simu kabla ya kusaini chochote. Kusoma ni lazima tangu umri wa miaka mitatu, na kila majira ya baridi wakubwa wa elimu huamua darasa gani lifungwe kwa kuhesabu vichwa. Watoto wako wawili wanaweza kulibakisha darasa la kijiji kizima, na meya anayelijua hilo atakusaidia kutafuta nyumba, fundi, hata mtu wa kukuuzia kuni kavu mwaka wa kwanza.