"Commiseratingly" kwenye hadithi: iweke wapi?

Ndugu, umeuliza kama sentensi yako, "She nodded commiseratingly" (yaani aliinamisha kichwa kwa kumhurumia mwenzake), inakubalika katika hadithi ya Kiingereza. Inakubalika, ila kielezi hicho ni nadra na kina silabi 6, kwa hivyo kinapunguza mwendo wa sentensi. Mara 1 katika hadithi nzima inatosha.

Kinafaa pale masaibu ya mtu yanapomgusa mwenzake: makanga kaachishwa kazi, mama mboga kanyang'anywa bidhaa na kanjo, na jirani anamsikiliza. Kiandamane na tendo la mwili: nodded, sighed, smiled. Baada ya "said" huwa kizito, kwa sababu maneno yenyewe ya mhusika ndiyo yanayopaswa kubeba huruma. Kwenye matanga kiepuke, hakitoshi uzito wa kifo. Wala usikibadilishe na "pityingly". Hicho mara nyingi kina harufu ya kumtazama mtu kwa dharau.

Tahajia huwaponza wengi: m mbili, s moja, na e ya mwisho ya "commiserate" huanguka kabla ya -ing.

Kikikukwaza, kifute uandike, "She nodded and moved over to make room for him." Mimi ningechagua hiyo.